Mgeni na Jembe: Babati na Historia ya Mapumziko ya Milimani

Wahenga wa pwani walimpa mgeni siku mbili, na siku ya tatu wakamkabidhi jembe. Wako wanaoisoma methali hiyo kama neno la ubahili, na hapo ndipo wanapoidhulumu. Jembe si adhabu. Anayepewa jembe ameambiwa kwamba sasa ni mtu wa nyumbani, kwamba chungu anachokula ndicho anachokitafutia, na kwamba jina lake litaitwa pamoja na majina ya wenyeji mvua itakapochelewa. Mgeni asiyepewa jembe hubaki mgeni daima, hata akikaa mwaka.

Katika vilima vya Afrika ya Mashariki yamejengwa majumba ambamo methali hiyo haina kazi. Humo mgeni hukaa siku saba au kumi, akaamka kwa sauti ya ndege, akanywa kahawa yake kibarazani huku ukungu ukiondoka bondeni, na wala hapana amwulizaye habari ya jembe. Amelipa, na malipo yake yamemfungulia mlango wa utulivu. Swali linalostahili kuulizwa na historia ni hili: utulivu huo ulianzaje kuwa bidhaa, na kabla ya kuuzwa ulikuwa mali ya nani? Mji wa Babati, ulioko katika nyanda za juu za kaskazini ya Tanzania, unaweza kulijibu swali hilo vizuri kuliko miji mingi yenye sifa kubwa zaidi.

Babati imekaa chini ya mlima Kwaraa, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo la mji, ziwa la maji matamu ambamo viboko huishi karibu mno na watu. Wilaya yake ilizaliwa mwaka 1985 ilipomegwa kutoka Hanang, na mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipoundwa kutokana na Mkoa wa Arusha, mji huu ukafanywa makao makuu. Magharibi yake hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Dareda na Mbulu. Kaskazini ardhi huteremka hadi nchi ya Wambugwe na Ziwa Manyara. Kusini njia huelekea Kondoa. Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wambugwe na Wabarbaig wote wana sehemu yao katika nchi hii. Mpenzi wa lugha akizunguka kutoka Mbulu hadi Kondoa atasikia lugha za Kikushi, za Kibantu na za Kiniloti, na kwa Wahadza na Wasandawe atasikia maneno yenye vidoko. Ni mahali pachache mno duniani ambapo masikio hupewa karamu ya namna hiyo katika mwendo wa siku chache.

Nyumba ya kale ya kilimani katika nchi hii haikujengwa kwa ajili ya mandhari. Wairaqw walichimba ubavu wa kilima, wakaiingiza nyumba ndani ya udongo, na paa lake bapa likalingana na ardhi ya upande wa juu, hata aliyesimama mbali asitambue kwamba pale pana watu. Sababu ilikuwa ni vita vya mifugo. Wamaasai walipopanda kutafuta ng'ombe, nyumba isiyoonekana ilikuwa ngome bora kuliko ukuta mrefu. Mifugo na watu walilala chini ya paa moja, moshi ukitoka polepole na kuchanganyika na ukungu. Kwa hiyo utulivu wa kilima ulikuwepo zamani, bali ulikuwa utulivu wa kujificha. Kilima kilimlinda mwenyeji kwa kumwondoa machoni pa watu.

Huku visiwani, katika zama zizo hizo, mapumziko yalikuwa na sura nyingine kabisa. Sayyid Said bin Sultan alijenga jumba lake la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, karibu na kijito na mbele ya bahari. Binti yake, Sayyida Salme, aliyezaliwa katika jumba hilo mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, ameliandika kwa mapenzi katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886. Ameeleza habari za banda kubwa la duara lililoelekea baharini, ambamo mfalme alitembea huku na huku akiwa na mawazo yake, na ambamo jamaa walikusanyika kunywa kahawa. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1880, mwanawe, Sayyid Barghash, alijenga Marhubi, nalo likateketea kwa moto mwaka 1899, zikabaki nguzo ambazo hadi leo wageni huzipiga picha. Mji ulikuwa mahali pa hukumu na biashara, na shamba lilikuwa mahali pa kupumua. Matajiri wa mjini walikuwa na nyumba zao za shamba, na kwenda shamba lilikuwa neno lenye harufu ya karafuu na ya maji baridi ya kisimani.

Bali gharama ya pumziko hilo ililipwa mbali na bahari. Pembe za ndovu zilizotozwa ushuru na serikali ya Unguja zilitoka bara, na njia mojawapo ilianzia Pangani, ikakata nyika, ikafika Irangi na nchi zilizo kaskazini yake. Kondoa ikawa kituo cha watu wa pwani, na athari yake haikufutika: Uislamu na Kiswahili vilitia mizizi kwa Warangi kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kusimamishwa pale. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, nayo frasila moja ni ratili thelathini na tano. Mtu huyo naye alikuwa na mapumziko yake. Jua lilipokaribia kuzama, kirongozi alichagua mahali penye maji, miiba ikakatwa na kuzungushwa, vibanda vya majani vikasimamishwa, moto ukawashwa, ugali ukapikwa. Mahali hapo paliitwa kambi. Asubuhi miiba iliachwa, majani yakaachwa, na msafara ukaondoka. Katika historia ndefu ya kulala ugenini nchini humu, kambi ya mpagazi ndiyo babu wa hoteli zote, ingawa hakuna hoteli inayotundika picha ya babu huyo ukutani.

Mwaka 1892 alipita katika nchi hii Oscar Baumann, mzaliwa wa Vienna. Hakuwa mgeni wa pwani. Mwaka 1888 yeye na Hans Meyer walikamatwa katika nchi ya Pangani, zilipozuka harakati za Bushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani, na wakaachiliwa kwa fidia. Miaka minne baadaye aliondoka Tanga akiwa na msafara mkubwa, akapita nchi ya Wambugwe na Ziwa Manyara, na mwezi Machi wa mwaka huo akaliona bonde la Ngorongoro, Mzungu wa kwanza kuliandika. Alichokikuta humo hakikuwa bustani ya amani. Sotoka ilikuwa imeua ng'ombe, na Wamaasai walikufa kwa njaa mbele ya macho yake. Baadaye Baumann alikuwa balozi mdogo wa Austria na Hungaria mjini Unguja, akachora ramani za visiwa, akafariki mwaka 1899 akiwa hajatimiza miaka thelathini na sita. Inafaa ikumbukwe kwamba nyanda tupu ambazo wasafiri waliofuata walizisifu kwa ukimya wake zilikuwa tupu kwa sababu maradhi na njaa vilipita kwanza. Msafiri aliyechelewa kwa miaka michache aliona uwanda wa majani na wanyama, akadhani ndivyo ulivyoumbwa.

Wajerumani walipokwisha kuitwaa nchi, walileta fikra mpya kuhusu kilima, nayo ni kilima kama dawa. Homa ya pwani iliwaua maofisa wao, na waganga wao wakawashauri wapande juu, penye baridi. Hivyo Lushoto, katika milima ya Usambara, ikapewa jina la Wilhelmstal, ikajengwa nyumba za mawe zenye mapaa ya mteremko na bustani za mawaridi. Karibu nayo, huko Amani, kikaanzishwa mwaka 1902 kituo cha utafiti wa mimea na kilimo. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo mtu mwenye cheo aliweza kupandishwa mlimani akiwa na masanduku yake. Waingereza waliporithi nchi hawakuiacha desturi hiyo. Gavana wao naye alikuwa na nyumba yake Lushoto. Wakati huohuo Wasambaa, ambao wafalme wao wa Kilindi walitawala milima hiyo kutoka Vuga muda mrefu kabla ya hapo, waliona mashamba na misitu yao ikiwekewa mipaka. Hewa baridi waliyoivuta bure tangu enzi na enzi sasa ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mlinzi.

Babati haikupata kuwa Lushoto. Yaliyoipa sura yake yalikuwa vita na barabara. Mwezi Aprili 1916, wapanda farasi wa Afrika ya Kusini chini ya Jenerali van Deventer waliteremka kutoka upande wa Arusha katikati ya masika, wakapita Ufiome, ambalo ndilo jina walilolitumia wageni kwa nchi ya Wagorowa, wakaitwaa Kondoa kabla ya mwezi kwisha. Farasi wao walikufa kwa mamia, kwa mvua, kwa maradhi na kwa mbung'o. Baada ya vita njia hiyo ya askari ikawa sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ambayo mabeberu wa Kiingereza waliiota kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo. Msafiri wa motokaa aliyetoka Dodoma kwenda Arusha, au aliyetoka Arusha kwenda kusini, hakuweza kuikwepa Babati. Na penye msafiri wa motokaa hapakosi mtu wa kumwuzia kitanda na kinywaji.

Basi ikawepo Babati, katika miaka ya 1930, hoteli ndogo iliyotazama ziwa. Ushahidi wake umo katika kitabu mashuhuri. Ernest Hemingway, mwandishi wa Kimarekani, alifika Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1933 kuwinda, akiongozwa na mwindaji wa Kiingereza Philip Percival, na mwaka 1935 akatoa kitabu chake kuhusu safari hiyo, ambacho jina lake lenyewe linasifu vilima vya kijani vya Afrika. Mapema mwaka 1934 kundi lake liliwinda katika nchi za Manyara na Babati, na hoteli ile imetajwa kwa maneno machache tu: waliingia, wakanunua achari ya chupa, wakanywa bia baridi, wakaondoka. Ni sehemu ndogo mno ya kitabu, wala mwandishi hakuipa uzito. Lakini kwa historia ya Babati ni hati yenye thamani. Inaonyesha kwamba kufikia wakati huo ziwa lilikuwa limekwisha kupewa kibaraza, na kibaraza kimekwisha kupewa bei.

Kitabu hicho kina watu wengine pia, na msomaji wa pwani atawaona upesi kuliko msomaji wa Marekani. Yupo mmoja aitwaye Charo, aliyekuwa katika kundi la wafanyakazi wa safari. Mwandishi anamsema kuwa Mwislamu mcha Mungu, aliyefunga Ramadhani yote kwa ukamilifu ambao ulimshangaza bwana wake. Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwezi Desemba 1933, siku zizo hizo safari ilipoanza. Msomaji na aifikirie hali hiyo. Mtu mzima anatembea jua kali katika nyika ya vumbi, akibeba vitu vya mwingine, midomo imekauka, na mbele yake chupa zinafunguliwa. Usiku anafuturu kwa alichojaliwa, alfajiri anaamka kabla ya wote. Katika safari ile iliyofanywa kwa ajili ya starehe, mtu aliyekuwa na utulivu wa kweli, utulivu usionunuliwa, huenda alikuwa yeye. Wala hakuna ajuaye alikaa wapi siku wenzake walipokuwa kibarazani Babati. Kwa desturi za ukoloni, Mwafrika aliingia mahali kama pale kwa mlango wa jikoni.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, swali la kibaraza halikuondoka, lilibadilisha mwenyewe. Hifadhi ya Ziwa Manyara ilikuwa imetangazwa mwaka 1960, na Tarangire ikafuata mwaka 1970. Serikali, ambayo mwaka 1967 ilikuwa imetoa Azimio la Arusha na kuapa kujenga nchi ya wakulima na wafanyakazi, ilijikuta ikijenga mahoteli ya wageni: juu ya ukingo wa Ngorongoro, Lobo katika Serengeti, na kwingineko. Mwaka 1970, katika kurasa za gazeti la The Standard la Dar es Salaam, vijana wa TANU wa Chuo Kikuu walianzisha mjadala mkali. Je, nchi ya Ujamaa iwekeze fedha zake katika vitanda vya matajiri wa nje? Upande mmoja ulisema kwamba fedha za kigeni zatakiwa ili kununulia mashine na dawa, na kwamba mnyama na mlima ni rasilimali kama pamba na katani. Upande wa pili ukajibu kwamba pamba haimfunzi mkulima kuinama mbele ya mtu, na kwamba taifa lililotoka utumishi juzi halina budi kujichunga lisirudie utumishi kwa mlango wa nyuma. Mjadala huo ulikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1973 na Tanzania Publishing House.

Hakuna upande ulioshinda. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na mahoteli ya kaskazini, ambayo wageni wake wengi walipitia Nairobi, yakabaki na vyumba vitupu. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Hatimaye ukaja wakati wa soko huria, mahoteli ya umma yakauzwa au kukodishwa, na watu binafsi, wa nje na wa ndani, wakajenga ya kwao. Ndipo ilipoanza mitindo ya nyumba chache, moja mbali na nyingine, kila moja na kibaraza chake, na mahema ya turubai yenye vitanda vya mbao ngumu na maji moto. Mahema hayo huitwa kambi. Neno la mpagazi limerudi, safari hii likiwa limevaa shuka nyeupe.

Katika wilaya ya Babati yenyewe, majumba ya namna hiyo yamo zaidi upande wa kaskazini, baina ya Tarangire na Ziwa Manyara, penye Ziwa Burunge. Sera ya wanyamapori ya mwaka 1998 ilifungua njia ya vijiji kuungana, kutenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyama, na kupata fungu katika malipo ya wageni. Jumuiya ya Burunge ni miongoni mwa zilizoundwa kwa utaratibu huo. Katika maandishi, hapa ndipo methali ilipotaka kurudi kazini: mgeni hashiki jembe, basi na atoe thamani ya jembe, nayo ifike kijijini, ijenge darasa na kisima. Pale inapofika, jambo hilo si dogo. Lakini utaratibu huo huo humtaka mfugaji asipeleke ng'ombe wake mahali alipowapeleka babu yake. Wabarbaig, ambao katika Hanang walikwisha kupoteza malisho mapana tangu mashamba makubwa ya ngano ya serikali yalipoanzishwa kwa msaada wa Kanada, walijifunza mapema kwamba ardhi ikiitwa tupu huwa inakaribia kuchukuliwa. Shamba la ngano liliwaondoa kwa kelele za matrekta. Hifadhi humwondoa mtu kwa sababu ya ukimya. Kwa mwenye ng'ombe, tofauti ya kelele na ukimya si kubwa.

Kuna tofauti nyingine ambayo mgeni wa siku saba hawezi kuijua, nayo ni kwamba kilima si picha. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima Hanang ulimeguka, na tope, mawe na magogo vikateremka hadi mji wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya themanini walikufa. Mlima huo wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ambao siku za anga safi husifiwa na kila apitaye barabara ya Singida, uliwazika watu walioishi chini yake kwa vizazi. Mwenyeji aupenda mlima na auogopa, aomba mvua kwake na aomba isizidi. Mandhari ni mlima uliotolewa ndani yake hofu hiyo na dua hiyo, ukabakiwa na rangi.

Mwezi Aprili 2018 ilizinduliwa barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, na njia iliyoanzia nyayo za wapagazi na kwato za farasi wa 1916 ikawa laini. Mabasi ya kutoka makao makuu ya nchi hufika Babati mchana, na abiria hushuka kununua samaki na matunda. Mji umejaa nyumba za wageni za bei nafuu, na wanaolala humo ni walimu waliokuja semina, wafanyabiashara wa mahindi na mbaazi, jamaa waliokuja kuuguza mtu hospitali. Hao nao wanapumzika. Godoro ni jembamba, chandarua kimeshonwa mara mbili, na asubuhi mama wa nyumba huuliza kama mgeni amelala salama, na habari za huko atokako. Siku ya tatu, mgeni akiwa bado yupo, mama huyo hujua jina lake na la mgonjwa wake, na humtuma dukani amletee chumvi.